Usingizi wa Wauguzi na Adabu ya Wakubwa Wao

Mwezi wa Shaabani uliopita alinijia nyumbani binti mmoja niliyemsomesha juzuu amma alipokuwa mtoto wa miaka 7, naye leo ni muuguzi katika hospitali ambayo sitaitaja jina. Aliniamkia, akaketi mkekani pamoja na mke wangu, akaletewa kahawa. Na kabla kikombe hakijapoa alikuwa amekwisha sinzia, kichwa amekiegemeza ukutani. Tukamwacha. Alipozinduka alitahayari sana, akasema, "Uniwie radhi, Maalim. Nikiwa kitandani usingizi haunijii. Nikija kwa watu ndipo ninapolala."

Nilidhani ni yale ayaonayo huko, damu na vilio na watu kufa mbele yake. Akatikisa kichwa. "Wagonjwa nimewazoea, Maalim, na maiti nimewazoea. Nisilolizoea ni kukemewa mbele ya wagonjwa kama mtoto aliyeiba sukari." Akanieleza habari za msimamizi wa wodi yao, ambaye wenyewe humwita inchaji: kwamba daftari la zamu hulitoa usiku wa kuamkia siku ya kazi, hata mwenye mtoto mchanga asijue wa kumwachia, kwamba anayeuliza sababu huambiwa kuwa ana kiburi, na kwamba kosa la mmoja hutangazwa kwa sauti kuu, hata jamaa za wagonjwa wakacheka.

Kumbe hilo silo lililomleta. Msimamizi yule alikuwa anahamishwa, na binti huyu ameambiwa kwamba mwezi ujao yeye ndiye atakayeshika mahali pake. Alikuja kutaka shauri, akubali au akatae. "Naogopa nitakuwa kama yeye," akasema, "maana hakuna aliyenifundisha namna nyingine."

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilimwomba anipe muda. Mwanangu wa tatu, ambaye yuko chuoni na husoma lugha nisizozisoma mimi, akanitafutia yaliyoandikwa na wenye elimu juu ya mambo haya, akanifasiria jioni baada ya jioni. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayoyaandika hapa, kwani nyumba zisizo na muuguzi, daktari au mkunga miongoni mwa jamaa zao ni chache siku hizi, na vijana wetu wengi wanaitamani kazi hiyo.

Kwanza tujue kwamba uchovu huu si uvivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya 11 ya maradhi, lililieleza jambo hili mwaka 2019. Halikuliita ugonjwa, bali jambo litokalo kazini, lizaliwalo na msongo wa muda mrefu ambao haukusimamiwa vyema. Alama zake ni tatu: nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi yake, akaanza kuidharau, na mwisho hujiona kuwa hafai kwa kazi aliyoisomea. Katika maneno hayo mimi nililishika moja, nalo ni "haukusimamiwa". Haikusemwa kwamba kazi ni ngumu tu. Kazi ya hospitali ni ngumu tangu iwepo, na haitakuwa nyepesi.

Mwaka 1960 bibi mmoja wa London aitwaye Isabel Menzies, wa Taasisi ya Tavistock, aliandika habari za wauguzi wa hospitali kubwa ya mji huo. Aliona mambo ya ajabu. Kazi ilikuwa imekatwa vipande vipande, muuguzi huyu akitoa dawa na yule akitandika vitanda, hata hapakuwa na mtu aliyemjua mgonjwa mmoja kwa ukamilifu wake. Wagonjwa walitajwa kwa kitanda na kiungo kinachouma, siyo kwa majina. Tena mgonjwa aliyelala huenda akaamshwa ili apewe dawa ya usingizi, kwa sababu saa yake imefika! Bibi huyo alifahamu kwamba mipango hiyo iliwekwa, bila ya wenyewe kujua, ili kuwakinga wauguzi na hofu ya kazi yao, illa kinga hiyo ikawa mzigo juu ya mzigo. Wakubwa walikuwa wanaona uchungu wa wanafunzi wao, lakini hawakuwa na njia ya kuutuliza, wakawa wanawakaripia na kuwaambia wajikaze. Wanafunzi wapatao theluthi moja waliacha masomo kabla ya kuyamaliza. Niliposomewa haya nilimkumbuka yule msimamizi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kidogo. Labda naye alikaripiwa akajikaza, na akadhani kwamba huko ndiko kusimamia.

Sasa tuje karibu na zama zetu. Mwezi wa Oktoba 2013 hospitali mashuhuri ya Marekani, Mayo Clinic, iliwauliza madaktari wake habari za kazi yao na za mkubwa aliye juu yao. Waliulizwa 3,896, wakajibu 2,813. Maswali hayakuwa juu ya elimu ya huyo mkubwa wala ustadi wake wa kupasua. Waliulizwa kama huwapa habari za mabadiliko, kama huwaomba maoni, kama huwaheshimu, kama hushukuru kazi iliyofanywa vizuri. Jumla ya alama ilikuwa 60. Hesabu ilipochapishwa mwaka 2015 ilionekana kwamba kila alama moja anayozidi mkubwa, uwezekano wa walio chini yake kuchoka namna hii hupungua kwa asilimia 3.3, na uwezekano wa kuridhika na kazi huongezeka kwa asilimia 9.

Mwanangu alifurahi sana kwa hesabu hiyo. Mimi nilimpinga. Nilimwambia mtu aliyechoka huona kila mtu mbaya. Pengine si mkubwa aliyewachosha, bali uchovu ndio uliomfanya mkubwa aonekane mbaya. Akaenda, akarudi baada ya siku mbili na habari nyingine, na hii ndiyo iliyonikata maneno.

Alikuwako profesa mmoja wa Marekani, Jerald Greenberg, aliyeeneza mwaka 2006 habari za jaribio alilolifanya kwa wauguzi 467 wa hospitali nne. Katika hospitali mbili malipo yalikuwa yamebadilishwa: wauguzi waliokuwa wakilipwa kwa saa waliwekewa mshahara maalumu, na kwa kuwa hawakupata tena malipo ya saa za ziada, fedha zao zikapungua. Katika zile mbili nyingine malipo hayakuguswa. Kisha, katika kila jozi ya hospitali, moja ilichaguliwa wasimamizi wake wapewe mafunzo, na nyingine ikaachwa. Waliopimwa hawakuwa wasimamizi hao, bali wauguzi walio chini yao, nao waliulizwa usingizi wao ulikuwaje.

Wauguzi waliopunguziwa malipo walikosa usingizi, wala hilo halimshangazi mtu. Ajabu ni hii: wale ambao wasimamizi wao walifundishwa, kukosa kwao usingizi kulipungua sana, ilhali fedha zilikuwa pungufu vilevile! Na ilipopita miezi sita wakaulizwa tena, na nafuu ilikuwa bado ipo.

Nikauliza, basi wasimamizi wale walifundishwa nini? Nilitarajia elimu kubwa. Kumbe ni mafunzo ya siku mbili tu, na jumla yake ni mambo mawili. La kwanza, kumtendea mtu kwa heshima na upole, kumwonyesha kwamba unajali taabu yake, na kutotumia vitisho. La pili, kumpa mtu habari ya kweli na kamili ya jambo linalomhusu, mapema, pamoja na sababu yake. Hawakuambiwa tu kisha wakarudi makwao. Walipewa visa vya kuvipima, na wakafanyishwa mazoezi, huyu akijifanya msimamizi na yule muuguzi mwenye malalamiko, hata ulimi ukazoea.

Huenda msomaji akasema, "Hayo mbona ni adabu tuliyofunzwa na mama zetu?" Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini kujua adabu ni jambo moja, na kuikumbuka usiku wa manane, wodi imejaa, dawa imekwisha na simu inalia, ni jambo jingine. Sisi waalimu twalijua hili kuliko wengi. Mtoto aweza kuzitaja hukumu za tajwidi zote kwa moyo, na akisimama kusoma mbele ya watu azivunje zote. Ulimi hautengenezwi kwa maelezo, hutengenezwa kwa kurudiarudia mbele ya mwenye kusahihisha.

Na hapa yanibidi nikiri la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na msaidizi katika chuo changu, kijana mwenye sauti nzuri na subira. Siku moja alikosea kugawa madarasa, nami nikamkemea mbele ya watoto 60. Hakujibu. Wiki ya pili yake aliacha kazi, akaniambia kwamba amepata shughuli dukani kwa ami yake. Nilijua siyo shughuli. Mimi nilifanywa mkuu wa chuo kwa sababu nilihifadhi vizuri, wala hakuna aliyeniuliza kama najua kuongoza watu wazima. Hospitali nazo hufanya vivyo hivyo: muuguzi hodari wa sindano na jeraha huamka asubuhi moja akaambiwa kwamba watu 15 wako chini yake, akapewa funguo za kabati ya dawa na daftari la zamu. Mafunzo yake ya uongozi yamekwisha hapo.

Hata hivyo sitaki wasomaji wadhani kwamba maneno matamu yatatosha. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na katika hao milioni 5.3 ni wa nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Upungufu huo haufutwi kwa kusema "tafadhali". Nachelea hata kwamba wako wakubwa watakaoyapenda mafunzo haya kwa sababu ni rahisi kuliko kuajiri, wakawafundisha wasimamizi wao lugha laini ya kumwambia mtu afanye kazi ya watatu. Hiyo itakuwa hila, na wauguzi wataitambua siku ya kwanza. Jambo la pili walilofundishwa wasimamizi wale lilikuwa kusema kweli, na kweli nyingine ni kusema, "Hatutoshi, na hili nimelipeleka juu kwa maandishi."

Jumuiya zetu nyingi zina zahanati na vituo vya afya, na kamati zake ni watu ninaowajua, waungwana wenye kupenda kheri. Wao huhesabu vitanda, dawa na mabati. Ningewaomba wahesabu pia wauguzi wangapi wameacha kazi katika mwaka, na katika wodi ya nani. Siku mbili za mafunzo haziwashindi.

Binti yule alirudi baada ya wiki mbili. Nilimsimulia yote haya, naye akayasikiliza kwa utulivu, akauliza maswali makali kuliko yangu. Kisha akasema amekwisha amua: atakubali, kwa sharti apelekwe mafunzo, na barua ya kuomba hilo ameipeleka kwa matroni. Jibu halijaja. Nikamuuliza, kama halikuja, utaanza na lipi? Akafikiri kidogo. "Daftari la zamu, Maalim. Nitalibandika wiki mbili mbele, na atakayeona limemwonea aje tulitazame pamoja, mlango umefungwa."

Mke wangu akamfungia maandazi katika karatasi, maana usiku ule alikuwa na zamu.