Uteuzi wa Chakula na Changarawe kwa Vifaranga vya Bata: Mfano wa Mandawa, Mkoani Lindi

1.0 Utangulizi

Ufugaji wa bata vijijini hudhaniwa kuwa hauhitaji maarifa mengi, kwa kuwa bata mzima hujitafutia majani, konokono na wadudu. Dhana hiyo haimfai kifaranga. Katika majuma mawili ya mwanzo kifaranga hukua kwa kasi kubwa, nacho hula tu kile anachowekewa. Makala hii inaeleza misingi ya kuteua chakula na changarawe kwa vifaranga hao kwa kuzingatia malighafi zipatikanazo Mandawa, katika ukanda wa Ruangwa na Nachingwea. Hoja kuu ni kwamba swali la kwanza la mfugaji wa ukanda huu lisiwe chakula kipi ni rahisi kupatikana, bali chakula kipi ni salama. Kwani zao moja linalolimwa kwa wingi huko, yaani karanga, laweza kuangamiza kizazi kizima cha vifaranga.

2.0 Mahitaji ya Kifaranga

Viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 1994, vilivyowekwa kwa bata wa aina ya Pekin, vinataka chakula cha majuma mawili ya mwanzo kiwe na protini asilimia 22, na baada ya hapo asilimia 16. Bata wengi wa vijijini nchini Tanzania ni wa aina ya Muscovy. Hata hivyo viwango hivyo vinafaa kuwa mwongozo.

Tofauti kubwa kati ya kifaranga cha bata na cha kuku ipo katika niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Kifaranga cha bata huhitaji miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, ilhali kile cha kuku wa mayai huhitaji miligramu 27. Sababu ni kwamba mwili wa bata hauna uwezo mkubwa wa kutengeneza niasini kutokana na protini. Mahindi nayo yana niasini iliyofungamana na viambata vingine, ambayo ndege hawezi kuitumia vyema. Kwa hiyo kifaranga kinacholishwa unga wa mahindi na pumba pekee hudhoofika miguu, ambayo hupinda hadi kifaranga kishindwe kusimama. Wafugaji wengi huhesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, kumbe ni njaa ya kirutubishi kimoja.

3.0 Malighafi za Mandawa

Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha ufuta. Mashudu ya ufuta yana protini ipatayo asilimia 40 na yana methionini kwa wingi, lakini yana upungufu wa lisini. Dagaa, wenye protini ipatayo asilimia 55, huziba upungufu huo. Mfano wa mchanganyiko wa kilo 100 ni huu:

Mahindi yaliyoparazwa: kilo 56
Pumba laini za mahindi: kilo 8
Mashudu ya ufuta: kilo 20
Dagaa waliosagwa: kilo 15
Mchanganyiko wa vitamini na madini: kilo 1

Iwapo mahindi yatachukuliwa kuwa na protini asilimia 9 na pumba asilimia 10, jumla ya protini itakuwa takribani asilimia 22. Dagaa wachambuliwe ili kuondoa mchanga, na waliotiwa chumvi nyingi waepukwe, kwa kuwa chumvi iliyozidi huwadhuru vifaranga. Mchanganyiko wa vitamini usiachwe, kwani viungo vingine havitoshelezi niasini. Usipopatikana, hamira huweza kusaidia. Chakula kilowekwe kidogo, na maji yawe na kina cha kumwezesha kifaranga kuzamisha mdomo na kusafisha matundu ya pua. Kilicholowa kikabaki kitupwe siku hiyo hiyo.

4.0 Karanga na Sumukuvu

Historia ya karanga Nachingwea inajulikana: eneo hilo lilikuwa mojawapo ya matatu ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni, pamoja na Kongwa na Urambo, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mradi ulikufa, zao likabaki mikononi mwa wakulima wadogo. Kwa kirutubishi, karanga zingefaa sana: zina protini na niasini kwa wingi. Tatizo ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeota juu ya karanga na mahindi yasiyokauka vizuri na kutoa aflatoksini.

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wakati huo huo vifaranga vya bata vilikufa Kenya na Uganda kwa kula mashudu ya karanga za Afrika Mashariki. Uchunguzi wa matukio hayo ndio uliofichua aflatoksini. Ilibainika pia kwamba kifaranga cha bata ni miongoni mwa viumbe dhaifu kuliko wote mbele ya sumu hiyo: kiasi kipatacho miligramu 0.35 kwa kila kilo ya uzito wake chatosha kuua nusu ya vifaranga, ilhali kuku huhitaji zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo maabara zilikitumia kifaranga cha bata cha siku moja kuwa kipimo cha sumu katika chakula.

Hatari huongezwa na desturi ya kaya. Karanga zinapochambuliwa, nzuri huliwa au huuzwa. Zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu hutupiwa ndege. Hizo ndizo zenye sumu nyingi zaidi. Kukamua mafuta huiacha sehemu kubwa ya sumu katika mashudu, kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga huipunguza tu. Kifaranga kilichodhurika hukataa chakula, huyumba, hutetemeka na kukunja shingo nyuma kabla ya kufa. Dalili hizo hutofautiana na zile za upungufu wa niasini, ambapo kifaranga huendelea kula ingawa miguu imepinda. Kwa hiyo mashudu ya karanga yasiyopimwa yasilishwe vifaranga vya bata kabisa, na mahindi yateuliwe kwa uangalifu ule ule utumikao kwa chakula cha watu.

5.0 Changarawe

Ndege hana meno. Chakula chake husagwa na firigisi kwa msaada wa vijiwe. Kifaranga kinachokula unga uliosagwa vizuri peke yake hakihitaji changarawe. Huihitaji kinapoanza kula majani, punje nzima au wadudu wenye magamba magumu.

Changarawe ni za aina mbili. Ya kwanza haiyeyuki tumboni, kama vile chembe za mawe meupe magumu zipatikanazo katika mchanga wa mto. Hiyo ndiyo inayosaga. Ya pili huyeyuka, kama chokaa na makombe, nayo ni chanzo cha kalsiamu kwa bata anayetaga. Kuwapa vifaranga aina ya pili ni kosa: wao huhitaji kalsiamu asilimia 0.65 tu, kiasi ambacho dagaa na mashudu ya ufuta hukifikia bila nyongeza. Kalsiamu iliyozidi huharibu figo.

Mchanga upitishwe kwenye chekecheke, kisha vumbi liondolewe kwa chujio la chai, zibaki chembe za milimita 1 hadi 2. Uoshwe mpaka maji yawe safi, uanikwe, na uwekwe katika chombo chake, usichanganywe na chakula. Usitolewe kwa vifaranga vyenye njaa, kwani huweza kuujaza tumboni badala ya chakula. Mchanga wa karibu na mahali wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu usitumike, kutokana na hatari ya zebaki.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba Mandawa ina malighafi za kutosha kumlea kifaranga cha bata, mradi ufuta na dagaa vichukue nafasi ya karanga, niasini ihakikishwe, na changarawe iwe ya kusaga, si ya chokaa. Vifo vya vifaranga wa kaya vina maana nyingine pia: nafaka iliyoua kifaranga huenda imetoka ghala moja na unga wa watoto. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ukaushaji na uhifadhi bora wa mavuno ni suala la afya ya kaya nzima, na banda la bata huweza kuwa mahali pa kwanza ambapo hatari hiyo huonekana.