WATWA: CHUNGU CHAO TULIPOKEA, KIKOMBE TULIWANYIMA

Hapa Nyamyumba, siku isiyo na mawingu, tunauona mlima Karisimbi, mita 4,507. Wazee wa Rwanda husimulia kwamba Ryangombe, aliyeuawa na nyati, anakaa kule pamoja na watu wake. Katika ibada yake, kubandwa, waliingia Watwa, Wahutu na Watutsi, wote. Mungu wao Watwa ni Imana, yuleyule wa majirani.

Lakini ibada ikiisha, mambo yalirudi palepale. Mtwa alifinyanga chungu, jirani akapikia maharage, ila kunywa naye katika chombo kimoja, hapana! Sasa mkono huo ulikuwa safi kwa chungu tu?

Wengine, Impunyu, waliishi msituni Gishwati kwa kuwinda na kutafuta asali. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ya msitu iligeuzwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya miti, wakatolewa bila ardhi. Kule kwetu Kongo, Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi mwaka 1970, Watwa wakafukuzwa. Wengi wao walibaki kulima kibarua kwa watu. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba Kongo ilivunja haki zao.

Na ufinyanzi? Sufuria na ndoo za plastiki zimechukua soko. Udongo mzuri unatoka mabondeni, na mabonde mengi sasa yamelimwa, hivyo mama mfinyanzi anaomba ruhusa kwanza, ndipo achimbe.