Vifaa Viwili, Anwani Moja

Kompyuta ikikuarifu kwamba anwani yake ya IP inatumiwa na kifaa kingine, usikimbilie kununua ruta mpya wala kumlaumu mtoa huduma wa intaneti. Hitilafu hiyo kwa kawaida imo ndani ya nyumba au ofisi yako, na aghalabu unaweza kuitafuta bila fundi.

Ruta hukipa kila kifaa namba yake, mathalani 192.168.1.20. Mgongano huzuka pale kifaa fulani kinapokuwa kimewekewa namba ya kudumu kwa mkono, bila ruta kujua. Printa ikizimwa usiku, ruta huweza kuigawa namba ile kwa simu au kompyuta. Asubuhi printa ikiwashwa, vyote viwili hudai namba moja, na mtandao ukawa wa kukatika-katika. Sisi huanza kushuku printa na mashine ya kurekodia kamera za ulinzi, kwani mafundi wengi huviwekea namba za kudumu na kuondoka pasipo kuacha maandishi yoyote.

Andika namba iliyotajwa, kisha iondoe kompyuta hiyo kwenye mtandao. Kwa kompyuta nyingine iliyomo katika mtandao huo huo, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike ping na namba ile. Hata usipopata jibu, andika arp -a. Mkabala na namba ile utaona jozi sita za tarakimu na herufi: hiyo ndiyo anwani ya MAC ya kifaa unachokitafuta. Ilinganishe na lebo zilizobandikwa chini au nyuma ya vifaa vyako. Kwa simu lebo haisaidii sana, maana nyingi za kisasa hujibunia anwani ya MAC.

Lebo zisipokufikisha, na ping ikiwa inajibiwa, chomoa kifaa kimoja kimoja, ila ruta usiiguse. Jibu likikoma, umekipata.

Kirekebishe kipokee namba kutoka kwa ruta. Printa ni bora itengewe namba yake ndani ya ruta yenyewe, la sivyo kompyuta zaweza kuipoteza kila namba inapobadilika. Kwa mashine ya kamera utahitaji nywila, na ikiwa amebaki nayo fundi, utalazimika kumwita na pengine kumlipa tena. Siku ya kufungiwa kamera, dai uandikiwe namba na nywila kabla ya kutoa malipo.