Korosho Ni Ngapi? Dhana ya Kuhesabika katika Nomino za Kiswahili

Vitabu vingi vya sarufi huzigawa nomino katika makundi mawili, zinazohesabika na zisizohesabika, kana kwamba kuhesabika ni sifa ya kitu chenyewe. Mgawanyo huo ukifikishwa Nachingwea au Ruangwa wakati wa msimu wa korosho, huyumba mara moja.

Juu ya mkorosho kila bibo lina korosho yake. Bibo likizidi moja huwa mabibo; korosho haibadiliki umbo, na idadi yake hudhihirika katika upatanisho tu: korosho hii imeoza, korosho hizi zimeoza. Hata hivyo, mkulima asemaye “korosho yangu imepimwa jana” hakusudii mbegu moja. Akusudia zao zima, pengine magunia ishirini, naye ameliweka katika umoja. Umoja huo si wa hesabu. Neno ni lile lile na kitu ni kile kile, ila kuhesabika kumetoweka.

Gottlob Frege alikwisha kueleza mwaka 1884 kwamba idadi husemwa juu ya dhana, si juu ya kitu kitupu: kabla ya kuuliza “ngapi” sharti ijulikane moja ni ipi. Kiswahili huiweka moja hiyo kwa maneno kama punje ya mchele, tone la maji, kibaba cha unga. Kivumishi -ingi hakisaidii kutofautisha, kwani husemwa watu wengi na maji mengi sawasawa. Afadhali -chache, ambacho huyakubali mayai lakini mbele ya unga huipisha “kidogo”.

Kuamua moja ni ipi si kazi ya wanasarufi peke yao. Mnadani korosho ghafi huuzwa kwa kilo. Ilhali katika kukagua ubora, mbegu zilizomo katika kilo huhesabiwa, na idadi ikiwa ndogo, mbegu ni kubwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008, hutegemea kilo. Katika kangomba, biashara iliyopigwa marufuku, moja ni chombo kilichojazwa, na aghalabu chombo hicho ni cha mnunuzi. Mkulima aweza kuvihesabu vyombo kumi bila kukosea hata kimoja. Hasara yake imo ndani ya ile moja, ambayo hakuiweka yeye.