Nani Atoe Shauri Juu ya Njia za Ndege?

Pengine wewe hujapanda ndege hata siku moja. Lakini sangara wa ziwa letu husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya. Basi, njia ya ndege ikifungwa, hasara yaweza kumfikia hata mvuvi wa Muleba.

Labda utasema: Angani hakuna mpaka. La, upo! Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, na ndege za safari za ratiba haziingii bila ruhusa. Kwa hiyo nchi hukaa na kupatana: ndege zipi zije, mara ngapi, zichukue nini.

Tazama yaliyotokea Januari 2024. Tanzania ilitaka ndege yake ya mizigo ichukue shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Kenya ikakataa. Tarehe 15 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikatangaza kwamba tangu tarehe 22 Kenya Airways isilete tena abiria Dar es Salaam kutoka Nairobi. Ndipo waliokuwa wakishika mambo ya nje, January Makamba wa kwetu na Musalia Mudavadi wa Kenya, wakaongea, wakapatana jambo limalizwe kwa siku 3. Kenya ikatoa ruhusa, na katazo likaondolewa kabla ya tarehe 22.

Twajifunza nini? Kazi hizi ni mbili. Wakuu wa usafiri na biashara wanajua hesabu: mzigo upo wapi, na mkataba unatupa haki gani. Wakuu wa mambo ya nje wanajua ujirani: neno gani lisemwe, na lisemwe lini. Wale wakiachwa peke yao, waweza kushinda daawa na kupoteza jirani. Hawa wakiachwa peke yao, waweza kugawa haki yetu kwa ajili ya urafiki.

Hata kibanja kikiwa na ugomvi wa mpaka, huitwa mzee aliyeona miti ya mpaka ikipandwa, tena huitwa mwenye ulimi wa kupatanisha. Mmoja hatoshi.

Basi, shauri la haki za ndege litoke kwa watu wa usafiri na biashara. Lakini barua kali isivuke mpaka kabla watu wa mambo ya nje hawajaisoma. Mbunge akija kijijini, mwulizeni: Je, ofisi hizi mbili hukaa meza moja kabla ya ugomvi, au baada yake?