Matumizi ya Taka za Viwandani katika Kuondoa Metali Nzito kwenye Majitaka: Uwezo, Mipaka na Hatima ya Sumu

Utangulizi

Metali nzito hutofautiana na uchafu wa kikaboni kwa jambo moja la msingi: haziozi. Mafuta, wanga na kinyesi vinavyoingia katika majitaka huweza kuvunjwavunjwa na bakteria, lakini atomu ya risasi hubaki kuwa atomu ya risasi hata baada ya kupita katika mabwawa, mito na miili ya samaki. Nchini Japani, misombo ya zebaki iliyotiririshwa katika Ghuba ya Minamata ilijikusanya katika samaki na kusababisha maradhi ya neva yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956. Kadimi iliyotoka machimboni na kuingia katika Mto Jinzu, mkoani Toyama, ilifika kwenye mashamba ya mpunga na kudhoofisha mifupa ya wakazi wa bonde hilo. Kwa sababu ya athari za namna hii, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za risasi na miligramu 0.003 za kadimi kwa kila lita.

Mbinu zilizozoeleka za kuondoa metali hizi ni kuzitenga kwa chokaa ili zitue kama mashapo, kutumia resini za kubadilishana ioni, kuchuja kwa utando, na kupitisha maji katika kaboni amilifu. Mbinu hizi hufanya kazi, ila nyingi kati yake zinahitaji mtaji, umeme na kemikali ambazo karakana ndogo ya kupaka metali au kiwanda cha ngozi hushindwa kumudu. Ndipo watafiti walipogeukia taka za viwanda vingine. Makala haya yanafafanua namna taka hizo zinavyoshika metali, yanaonyesha mahali ambapo matokeo ya maabara hufasiriwa visivyo, na yanatetea hoja kwamba ubora wa taka yoyote hauwezi kuamuliwa kabla ya kujulikana hatima ya metali iliyoshikwa.

Taka zinazotumika na muundo wake

Taka tatu zimechunguzwa kwa mapana. Ya kwanza ni jivu jepesi linalonaswa katika mabomba ya moshi ya mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Jivu hili lina silika na oksidi ya aluminiamu kwa wingi, pamoja na oksidi ya chuma na kiasi cha chokaa kinachobadilika kulingana na makaa yaliyochomwa. Likipikwa katika myeyusho wa alikali, sehemu yake hugeuka kuwa zeolaiti, madini yenye vinyweleo na uwezo mkubwa wa kubadilishana ioni.

Ya pili ni mavi ya chuma, yaani slagi, ambayo hutengana na chuma kilichoyeyuka katika tanuru. Tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma hutoa takribani kilo 250 hadi 300 za slagi kwa kila tani ya chuma, na sehemu kubwa ya slagi hiyo ni silikati za kalsiamu. Ya tatu ni tope jekundu linalobaki baada ya boksiti kusafishwa ili kupata alumina. Kila tani ya alumina huacha takribani tani 1 hadi 1.5 ya tope hilo, lenye oksidi za chuma zinazolipa rangi yake na alikali inayoweza kupandisha pH hadi zaidi ya 11.

Katika Afrika Mashariki, taka hizi hazipatikani kwa uwiano uleule. Viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na Moshi, huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke, na jivu lake lina silika nyingi. Viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu navyo huzalisha slagi. Uteuzi wa taka, kwa hiyo, hauna budi kuanzia kwenye taka iliyo karibu, kwa kuwa gharama ya kusafirisha kitu kizito chenye thamani ndogo huweza kumaliza unafuu wote unaotarajiwa.

Namna metali zinavyoshikwa

Njia kuu ni tatu, na mara nyingi hutokea kwa pamoja. Kwanza, ioni za metali hujishikiza juu ya uso wa chembe. Uso wa oksidi huwa na chaji chanya pH ikiwa chini na chaji hasi pH ikipanda. Hivyo ioni chanya kama za risasi na shaba hushikwa vyema zaidi pH inapoongezeka. Aseniki, ambayo katika maji huwa sehemu ya ioni hasi, huelekea kinyume: oksidi za chuma huishika vizuri katika pH ya chini au ya wastani, kisha huiachia alikali inapozidi. Pili, ioni za metali huchukua nafasi ya kalsiamu au sodiamu iliyomo katika taka. Tatu, chokaa inayoyeyuka kutoka katika taka hupandisha pH ya maji, na metali hutua kama mashapo ya hidroksidi.

Njia hii ya tatu ndiyo huzua utata. Kromi yenye valensi 3 hufikia umumunyifu wake mdogo zaidi katika pH ya karibu 8, ilhali kadimi huhitaji pH ya karibu 10 au zaidi. Jaribio la slagi likionyesha kwamba asilimia 99 ya kromi imeondoka, huenda uso wa slagi haukufanya kazi yoyote ya pekee, bali chokaa tu ndiyo iliyofanya kazi. Mtafiti anayelinganisha data zake na mlinganyo wa Langmuir wa mwaka 1918 anaweza kupata mkunjo unaolingana vizuri, ingawa mlinganyo huo unachukulia kwamba uso una nafasi zinazofanana na kwamba metali hujipanga katika tabaka moja. Taka ya kiwandani haina uso wa namna hiyo. Kulingana kwa mkunjo hakuthibitishi utaratibu wa kikemia. Kinachohitajika ni jaribio la ulinganisho: maji yaleyale, yaliyofikishwa kwenye pH ileile ya mwisho kwa chokaa pekee, bila taka. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ndiyo mchango halisi wa uso wa taka.

Kutoka maabara hadi kiwandani

Uwezo unaoripotiwa mara nyingi hupimwa katika maji safi yaliyotiwa metali moja kwa kiwango kikubwa. Majitaka halisi huwa na kalsiamu, magnesiamu, chumvi na uchafu wa kikaboni vinavyogombania nafasi zilezile. Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Tuseme kiwanda hutoa mita za ujazo 100 za majitaka kwa siku, na risasi inapaswa kupunguzwa kutoka miligramu 5 hadi 0.5 kwa lita. Risasi ya kuondolewa ni gramu 450 kwa siku. Taka inayoshika miligramu 10 za risasi kwa kila gramu itahitajika kilo 45 kwa siku, sawa na tani 16.4 kwa mwaka. Iwapo ushindani wa ioni nyingine utaushusha uwezo huo hadi miligramu 1, mahitaji yatakuwa kilo 450 kwa siku, yaani tani 164 kwa mwaka, na zote zitatoka zikiwa taka ya sumu.

Taka inapokuwa yenyewe chanzo cha sumu

Tarehe 4 Oktoba 2010, ukuta wa bwawa la tope jekundu la kiwanda cha alumina karibu na Ajka, nchini Hungaria, ulibomoka. Watu 10 walifariki, na tope likatiririka hadi mito ya Torna na Marcal. Jasi na asidi vilimwagwa ili kushusha alikali. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba aseniki, vanadiamu na kromi zilikuwamo ndani ya maji hayo yenye pH ya juu, kwa kuwa huunda ioni hasi zinazobaki katika myeyusho katika hali hiyo. Tope hilohilo linalosifiwa kwa kushika risasi linaweza, bila kupunguzwa alikali, kuachia metali nyingine. Jivu la makaa ya mawe nalo huweza kuachia aseniki na seleniamu. Kwa hiyo kila utafiti unapaswa kupima si metali iliyopungua tu, bali pia kila metali iliyoongezeka.

Hatima ya taka iliyoshiba

Gramu 450 za risasi katika mfano uliotangulia hazikuangamia. Zimehama kutoka majini hadi kwenye jivu. Kuziosha kwa asidi hurejesha nafasi za kushikia, lakini pia huyeyusha silikati za kalsiamu za slagi na kuacha majimaji yenye risasi yanayohitaji kutibiwa upya. Kuigandisha taka hiyo ndani ya saruji ni njia yenye matumaini zaidi, mradi zege lipimwe. Kipimo kinachotumika sana, kilichowekwa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, hutikisa taka katika myeyusho wa asidi ya asetiki, wenye uzito mara 20 ya taka, kwa muda wa takribani saa 18. Kipimo hicho hufananisha hali ya dampo la taka za mijini. Hakitoshi kuthibitisha usalama wa tofali litakalonyeshewa mvua kwa miaka mingi.

Hitimisho

Taka za viwandani zinaweza kupunguza metali nzito katika majitaka kwa gharama ndogo, hasa pale kiwanda kinachozitoa kinapokuwa jirani na kile kinachozihitaji. Hata hivyo, asilimia ya metali iliyoondolewa majini haijitoshelezi kama ushahidi. Utafiti unaofaa kutegemewa na mamlaka za maji unapaswa kuonyesha mambo manne: mchango wa uso wa taka ukitenganishwa na ule wa pH, utendaji wake katika majitaka halisi, metali ambazo taka yenyewe huachia, na mahali metali iliyoshikwa itakapohifadhiwa. Lisipojibiwa swali hilo la mwisho, sumu itakuwa imehamishwa tu kutoka mtoni hadi dampo, na wakazi wa karibu na dampo hilo ndio watakaobeba mzigo wake.