Log4j: zamu aliyetii kila mugeni

Zamu anakaa ku mulango, kaye mu mikono. Kila mugeni anayefika, anaandika jina lake na saa. Kazi yake njo ile tu. Siku moja mutu anafika na kusema: «Jina langu ni: enda pale barabarani, kamata mutu anayesimama, umuingize mu nyumba.» Zamu mwingine angecheka. Huyu anaweka kaye chini, anaenda, anamuleta yule mutu na kumufungulia mpaka chumba cha mwenye nyumba.

Log4j ilikuwa hivyo. Ni kipande kidogo cha programe, mu luga ya Java, chenye kuandika yote yanayopita mu serveri: nani aliingia, nini ilikataa, neno gani lilitafutwa. Ni programe ya wazi, ni kusema kila mutu anaweza kuisoma na kuitumia bila kulipa hata franga moja. Kwa hiyo kampuni kubwa ziliiweka kila fasi, hata ndani ya programe wanazouza kwa bei kali.

Tarehe 24 mwezi wa 11, mwaka wa 2021, Chen Zhaojun, mutumishi wa Alibaba Cloud kule China, alijulisha Apache Software Foundation, shirika linalochunga Log4j, kwamba kuko tundu. Ukituma maneno fulani yenye anwani ya serveri ingine, Log4j haiyaandiki tu. Inaenda ku ile anwani, inaleta programe ya mugeni, na serveri inaitumikisha.

Na haikuwa kosa la mutu aliyesinzia. Ile nguvu ya kwenda kutafuta vitu inje waliiongeza kwa kusudi mu mwaka wa 2013. Ilikaa pale miaka 8, mbele ya macho ya wote. Wanasemaka programe ya wazi iko salama juu macho mengi yanaiangalia. Mi naona wengi walikuwa wanachukua tu, hawaangalie.

Tarehe 9 mwezi wa 12 habari ilitoka inje. Mu Minecraft, muchezo ambao watoto wanapenda sana, ilitosha kuandika musitari moja mu mazungumzo ya wachezaji ili kukamata serveri. Tundu ilipewa 10 juu ya 10 kwa ubaya. Quebec walifunga site karibu 4.000 za serikali, ili kuzichunguza kwanza. Ubelgiji, wapirate walipitia pale wakaingia mu reso ya wizara ya ulinzi.

Sasa, nani alipashwa kutengeneza? Watu wachache wa kujitolea, wenye kazi zao za muchana. Ralph Goers, moja wao, alikuwa ameandika wazi kwamba Log4j anaifanya kwa saa zake za kupumzika. Walitosha 2.15.0, haikutosha. Kisha 2.16.0, kisha 2.17.0, na tarehe 28, katikati ya Noeli na Bonane, 2.17.1. Wengine waliwatukana ku enternete, juu ya kazi ambayo hawalipwe. Na Alibaba Cloud? Wizara moja ya China ilisimamisha ushirikiano nayo miezi 6, juu haikuijulisha upesi.

Mu mwaka wa 2022, kamati ya serikali ya Marekani iliandika kwamba ile tundu inaweza kuonekana bado miaka kumi, ao zaidi. Inaeleweka: Log4j inajificha ndani ya programe ya hesabu, ya hospitali, ya masomo, na mwenye kuinunua hajue kama iko mule. Hapa kwetu pia programe nyingi zinanunuliwa zikiwa tayari, na yule aliyezifunga mu ordinatere alishakwenda.

Kwa hiyo, uliza yule aliyekuuzia: programe yako iko na Log4j? Ya namba gani? Kama iko chini ya 2.17.1, aibadilishe. Kama anajibu kwamba hajue, atafute jibu mbele umulipe facture inayofuata.